Wasomaji Wanauliza: Ndoo ya Mlangoni Imekwenda Wapi?

Asalaam alaykum wapenzi wasomaji. Mwezi huu barua na meseji zimenijia nyingi afu zinafanana, kila mtu anauliza kwa njia yake jambo moja, zile tabia tulizozizoea wakati wa corona, kunawa, barakoa, kutoshikana mikono, zipi tubaki nazo na zipi tuziache. Nimechagua saba. Nyengine zote nimezisoma, na walioandika mambo yao ya siri nimewajibu pembeni.

SWALI: Bi Muuguzi, mimi mama wa watoto wanne, nakaa Jang'ombe. Wakati wa corona nyumba yetu ilikuwa na ndoo ya koki mlangoni na sabuni imefungwa kwa kamba, watoto wakirudi chuoni wananawa bila kuambiwa, hata mgeni ananawa kabla hajaingia. Sasa hivi ndoo ile ile natilia unga, na watoto wakirudi wanapita moja kwa moja kwenye mkate. Nikiwasemesha wananambia mama corona imekwisha. Najiona nimezembea. Nifanye nini?

JIBU: Mwanangu, hilo la kuzembea kwanza litoe kichwani. Wewe ni yule yule, ila ndoo haipo. Hebu rudi nyuma ukumbuke Machi 2020, wagonjwa wa mwanzo walipotangazwa bara na kisha hapa kwetu, skuli zikafungwa, ndege za watalii zikasita, na haukupita muda kila duka na kila ofisi na kila msikiti una ndoo ya koki mlangoni. Tulinawa kwa sababu tunaogopa, kweli, lakini pia kwa sababu mwenye duka anakutazama na aliye nyuma yako kwenye foleni anakutazama, na kubwa zaidi maji na sabuni viko pale pale mbele ya miguu yako, huna haja ya kuvitafuta. Hofu ndo ya mwanzo kuondoka, manake binaadamu hawezi kuogopa kila siku kwa miaka. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba corona si dharura ya dunia tena, lakini mitaani kwetu hofu ilishaondoka zamani kabla ya hapo. Ilipoondoka, watu wakaacha kutazamana. Walipoacha kutazamana maji ya ndoo yakawa hayabadilishwi, sabuni ikiisha haiwekwi nyengine, koki ikivunjika haitengenezwi, mwisho ndoo ikaingia jikoni ikatiliwa unga.

Na usidhani ni akinamama wa Jang'ombe tu. Mimi nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, na kuna wodi moja niliyokaa mfereji ulikuwa mwisho kabisa wa ukumbi, sabuni siku ipo siku haipo. Sisi tuliokuwa tunajua kila kitu kuhusu vijidudu ndo sisi tuliokuwa tunahama kitanda hadi kitanda na mikono ile ile, kwa sababu wagonjwa wengi na mfereji mbali. Siku tulipowekewa ndoo mbili katikati ya wodi, bila semina wala bango ukutani, tukaanza kunawa siku ile ile. Linaniuma mpaka leo nikiwakumbuka wagonjwa waliopita mikononi mwetu kabla ya zile ndoo.

Hata madaktari wa zamani yaliwakuta. Mwaka 1847 kule Vienna alikuwepo daktari anaitwa Ignaz Semmelweis, wodi yake ya wazazi wanawake walikuwa wanakufa kwa homa ya uzazi, mwezi wa Aprili mwaka ule walikufa karibu 18 katika kila wazazi 100. Akagundua madaktari wanatoka kupasua maiti wanakuja moja kwa moja kuzalisha. Akaweka beseni la maji ya klorini mlangoni, kila mmoja anawe kabla ya kuingia, na kufikia Juni vifo vikashuka hadi kama 2 katika 100. Sasa ungetegemea wenzake wamshukuru, lakini wengi hawakumkubali, mkataba wake ulipokwisha mwaka 1849 hakuongezewa, na tabia ile haikuenea wakati wa uhai wake. Vifo vilikuwa mbele ya macho yao na bado hawakushika, itakuwa watoto wako ambao hawaoni hatari yoyote mbele yao isipokuwa mkate?

Kwaiyo rudisha ndoo. Ila usiirudishe mlangoni, iweke sehemu mbili ambazo ndo zina maana kila siku ya Mungu, karibu na choo na karibu na pale mnapolia chakula. Mlangoni ilikuwa ya corona, tulikuwa tunaogopa kilichotoka nje. Kuhara, minyoo, homa ya matumbo, hivi vinatoka chooni vinaingia mdomoni na safari yote iko ndani ya nyumba. Kama ndoo ya koki huna ya pili tengeneza kibuyu chirizi, chukua dumu la lita tano, litoboe tundu dogo ubavuni karibu na mdomo, litundike kwenye kijiti, funga kamba shingoni mwa dumu na ile kamba uifunge kwenye kijiti chengine cha kukanyagia chini, mtoto akikanyaga dumu linainama maji yanachirizika, mkono haugusi kitu. Sabuni itoboe uitundike pembeni. Ukiogopa kunguru na watoto kuimaliza, tia sabuni ya unga kidogo kwenye chupa ya maji uitikise, toboa kizibo, inatosha kabisa kunawia na chupa moja inakwenda siku nyingi. Wahesabie watoto moja mpaka ishirini taratibu wakati wanasugua, na viganja vya juu, na katikati ya vidole, na kucha.

Najua kuna watakaosema sisi Waislamu tunatia udhu mara tano, sabuni ya nini. Udhu ni ibada na maji yake yana baraka zake na mimi siligusi hilo. Ila kirusi cha corona kimevikwa ganda la mafuta, na mafuta hayatoki kwa maji matupu, nyote mnaosha masufuria ya samaki wa kukaanga mnalijua hili. Sabuni inalivunja lile ganda na kirusi kinakufa, na vile vijidudu vyengine visivyo na ganda sabuni inaving'oa kwenye ngozi maji yanavibeba. Basi weka sabuni pale pale pa kutilia udhu, mtu anaosha mikono kwa sabuni mwanzo, kisha anatia nia yake anaendelea.

SWALI: Bi Muuguzi salaam. Mie mzee wa miaka sabini na ushei niko Mkoani, Pemba. Mjukuu wangu amesoma na tangu corona hataki kushika watu mikono, wala hali sinia moja na wenzake kwenye shughuli, na barazani hanywi kahawa. Watu wanasema ana kiburi. Mie naona aibu, lakini namuogopa asije akawa ndie mwenye haki. Tuhukumu.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Mimi kuhukumu sitaweza ila nitasema ninavyoona, na katika matatu hayo mjukuu wako ana haki katika moja zaidi kuliko mengine.

Lile la kahawa. Mzee wangu sote tumekulia barazani tunaijua hali, muuza kahawa anakuja na buli lake na vikombe kumi na ndoo moja ndogo ya kusuuzia, kikombe kinatoka mdomoni mwa huyu, kinachovywa, kinakwenda kwa yule, na yale maji ya ndoo yameanza asubuhi yamefika magharibi yamekuwa rangi ya kahawa. Hayo hayakuwa salama hata kabla ya corona, na mafua na vidonda vya mdomo havijaondoka na corona. Wakati ule baadhi ya wauza kahawa walianza kubeba birika la maji ya moto na sabuni, wanaosha kikombe kwa maji yanayomiminika, na mimi niliona ni jambo zuri sana, nikasikitika liliporudi kama zamani. Hilo wazee ndo mnaweza kulirudisha, manake muuza kahawa hatamsikiliza kijana wa skuli lakini wazee watano wa barazani wakimwambia kwa upole, Fulani mwanetu, tuoshee vikombe kwa maji ya birika na sisi tutakuongezea kidogo juu ya bei, atafanya. Kijana nae badala ya kukaa mbali aje na kikombe chake mfukoni. Wapo wanaofanya hivyo na hakuna aliyekasirika.

Sinia ni habari nyengine. Mikono mikavu ya watu wanne kwenye sinia moja hatari yake inategemea wamenawa vipi. Zamani mwenye shughuli anapitisha mtu na birika na beseni, anakumiminia maji mikononi na yale machafu yanaanguka kwenye beseni. Hio ndo sahihi, na akiongeza sabuni imekamilika. Siku hizi kwa haraka zetu linawekwa bakuli moja la maji katikati ya sinia, wa mwanzo anachovya vidole, wa pili anachovya, wa nne anaosha mikono yake kwa uchafu wa watatu. Hapo bora usinawe kabisa. Kwaiyo mjukuu asikatae sinia, adai birika. Na mwenye mafua au kikohozi au tumbo linaloendesha yeye ndo atengewe sahani yake, kwa heshima, asionekane ametengwa, mwambie tu kwa vile unaumwa tunakujali.

La kushikana mikono ndo linaniuma zaidi mzee wangu, kwa sababu nakumbuka mwanzoni mwa mwaka 2021. Mtaani kwetu ilikuwa msiba juu ya msiba, watu wanashindwa kupumua, na hitma zinajaa watu bega kwa bega. Alipofariki Maalim Seif Sharif Hamad tarehe 17 Februari 2021, Makamu wa Kwanza wa Rais, na chama chake kilishasema wazi kabla ya hapo kwamba amepata corona, ndo nikaona watu wengi wa mtaani kwangu wamezitoa tena barakoa kabatini. Mjomba wangu tulimzika mwezi ule ule. Nilisimama mbali na shangazi, mkono juu ya kifua, tunaliana kwa macho, na sikumkumbatia. Yeye mpaka leo hajalisahau na mimi sijalisahau. Kwaiyo mimi siwezi kumwambia mtu asimshike mkono mfiwa miaka yote. Wakati wa maradhi kuenea, mkono juu ya kifua na salaam kamili kwa mdomo inatosha, ni adabu ya kwetu tangu zamani wala haikuletwa na corona. Wakati hakuna maradhi mjukuu amshike mtu mkono, kisha anawe kabla hajala au kujigusa macho na pua. Mkono ukishikwa hauingizi kitu mwilini mpaka wewe mwenyewe uupeleke usoni, na uso tunaugusa mara nyingi mno kwa saa moja bila kujijua.

SWALI: Nauza samaki na mboga Mwanakwerekwe. Mpaka leo napulizia meza kwa maji ya Jik kila saa na mboga nazo natia Jik kidogo, na nikirudi nyumbani najipulizia nguo na mikono. Mume wangu anasema nimezidisha. Nikiacha naogopa.

JIBU: Dada yangu mume wako yuko sawa kwenye hili, na wewe nakuelewa, sote tulifundishwa kuogopa vitu. Mwaka 2020 tulikuwa tunaosha mpaka noti na mifuko ya sukari. Baadae wataalamu walipochunguza waliona corona inapita zaidi kwenye hewa tunayovutia kuliko kwenye meza. Wamarekani, kituo chao cha kudhibiti magonjwa, walisema Aprili 2021 kwamba kugusa sehemu iliyochafuka hatari yake ya kukuambukiza corona kwa kawaida ni chini ya mara moja katika elfu kumi. Lakini ile ya kupulizia ndo inayoonekana, ina harufu, unajiona umefanya kitu, na kufungua dirisha hakuna harufu wala hakuna mtu anaekusifia, ndo maana moja ikashika nyengine ikasahauliwa.

Kujipulizia mwili acha leo. Shirika la Afya Duniani lilikataza tangu Mei 2020 kumpulizia mtu dawa hizi kwa hali yoyote, hata zile njia za kupita watu huku wananyunyiziwa, manake zinachoma macho na ngozi na kifua, na kirusi kilichomo ndani ya pumzi hazikigusi. Mboga osha kwa maji safi yanayotiririka. Meza ya samaki, hio endelea, ila si kila saa, ikishakuwa na damu na magamba osha kwanza kwa sabuni maana klorini ya Jik ikikuta uchafu inaishiwa nguvu, kisha ndo pitisha maji ya Jik, acha dakika kumi, suuza. Na tafadhali sana, nakuomba kama ndugu, usichanganye Jik na siki wala ndimu wala ile dawa kali ya kuoshea choo ukidhani unaongeza ukali, inatoka hewa ya sumu inayoweza kukuua ndani ya choo kidogo kisicho na dirisha.

SWALI: Sanitaiza au sabuni? Nabeba kichupa kwenye mkoba, nafanya kazi hotelini Nungwi.

JIBU: Sabuni ikiwepo, sabuni. Sanitaiza ni ya pale maji hayapo, uko kwenye daladala, umeshika noti, unataka kula embe. Itazame kwenye lebo iwe na alkoholi asilimia 60 kwenda juu, paka mpaka mikono ikauke yenyewe, usiifute kwenye nguo. Mikono yenye mafuta au mchanga haisaidii, na kile kirusi cha kutapika na kuharisha kinachoitwa norovirusi, ambacho kwenye mahoteli na meli za watalii kinajulikana sana, hakifi vizuri kwa sanitaiza, hicho ni sabuni na maji tu, kwaiyo wewe wa hotelini hasa ukishika mashuka ya mgeni anaetapika nenda mferejini. Usinunue ya kupimiwa isiyo na lebo. Mwaka 2020 Marekani mamlaka yao ya chakula na dawa ilibidi iwaonye watu kuhusu sanitaiza zilizokuwa na methanoli ndani yake, hio ni sumu, inapofua macho na inaua. Na usipake ukaenda kuwasha jiko la gesi au kuchochea mkaa mikono haijakauka.

SWALI: Mwalimu wa skuli ya msingi, Wete. Darasa langu lina watoto wengi sana, madirisha nusu yamezibwa kwa mbao. Wakija na mafua wiki moja darasa zima linakohoa, na mwaka 2024 yale macho mekundu yalipita karibu kila mtoto. Barakoa hakuna anaevaa tena. Niwarudishie barakoa?

JIBU: Mwalimu wangu, mbao kwanza. Ukiniuliza jambo gani moja tulijifunza kwenye corona ambalo tumelitupa haraka kuliko yote, nitakwambia ni hewa. Mwanzoni tuliambiwa corona inapita kwa matone mazito ya mate yanayoanguka karibu, mita moja mita mbili, na wakubwa wa dunia walichelewa kukubali kwamba pumzi ya mgonjwa inabaki inaelea chumbani kama moshi wa udi. Fikiria udi kabisa, mtu akifukiza pembe moja ya chumba kilichofungwa, baada ya nusu saa nguo za kila mtu zinanukia, na ukifungua madirisha ya pande mbili upepo unapita harufu inakwisha. Pumzi nayo ndo hivyo hivyo. Wazee waliojenga nyumba za Mji Mkongwe zenye uwanja katikati na dari la juu na madirisha marefu walikuwa wanatafuta baridi, lakini hewa inayopita ile ile ndo inayopunguza maradhi ya kifua. Ng'oa mbao, ukiogopa wezi waombe kamati ya skuli watie nondo au wavu, ukiogopa mvua fungua wa upande usio na upepo wa mvua. Mapumziko watoke wote nje, na kila ukiweza somo la kusoma kwa sauti na kuimba lipeleke chini ya mwembe, manake anaepaza sauti anatoa pumzi nyingi kuliko anaekaa kimya.

Na ukiwa na shaka kama hizi tabia zina maana, kumbuka mwaka 2020 na 2021 mafua ya influenza yalipungua dunia nzima kwa namna ambayo madaktari hawajawahi kuiona, kwa sababu watu walivaa barakoa, hawakusafiri, watoto hawakukusanyika. Kuna tawi moja la influenza linaitwa B Yamagata, tangu Machi 2020 halijathibitishwa tena kuonekana popote, mpaka wameanza kulitoa kwenye chanjo. Hatukulikusudia hilo, tulikuwa tunajikinga na corona na lenyewe likapotea njiani. Mimi nikilifikiria hili huwa napata moyo sana.

Barakoa kwa darasa zima kila siku hapana, watoto hawataiweka, wataizungusha, watabadilishana, na wewe utageuka askari badala ya mwalimu. Hata Shirika la Afya Duniani lenyewe mwanzoni lilikuwa halijaishauri kwa watu wote, likabadilisha kauli tarehe 5 Juni 2020, kwaiyo wazazi waliochanganyikiwa wakati ule walikuwa na sababu. Nnachokushauri wewe ni mtoto anaekohoa ndo avae, akae karibu na dirisha upande upepo unapotokea nje, na mwenye homa abaki nyumbani. Hapo pana kazi maana kwetu mtoto mwenye homa anapelekwa skuli ili asikose mtihani na mama anakwenda shamba, zungumza na wazazi kwamba atakaebaki nyumbani siku mbili hatapoteza kitu, utamrudilia somo. Kama hujaweza kuwaahidi hilo usitegemee watamzuia.

Macho mekundu ni mkono na kitambaa. Kila mtoto na kitambaa chake, asifutwe na ushungi wa mwenzake, na lile kopo moja la kunywea maji kwenye mtungi wa darasa liondoke, kila mtoto aje na chupa yake. Dawa ya macho ya mwengine asitiwe, na maziwa ya mama wala mkojo asitiwe, nayasema kwa sababu nayasikia.

SWALI: Mama mkwe wangu mpaka leo anavaa barakoa akipanda gari, watoto wa mtaani wanamcheka. Nimwambie aache?

JIBU: Usimwambie. Mtu mzima, pengine ana sukari au presha, gari imejaa na madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, yeye ndo anaejua kifua chake. Mnunulie mpya, na hao watoto waite uwaambie bibi yenu huyu.

SWALI: Bi Muuguzi, niko Mtoni. Masika yanakaribia na sisi hapa maji yakipanda choo kinapanda nayo. Corona tulijifunza kunawa lakini naona kipindupindu ndo kitatumaliza sisi. Tukae tayari vipi?

JIBU: Umeniuliza swali ambalo ningependa kila nyumba iulize mapema kabla wingu halijafunga. Kipindupindu Zanzibar kinarudi rudi tangu mwaka 1978, na kinakuja zaidi na mvua, maji ya vyoo yanaingia visimani na kwenye mipira iliyotoboka. Serikali iliweka mpango wa miaka kumi wa kukitokomeza ufike 2027, na chanjo ya kunywa ilishatolewa Unguja na Pemba tangu mwaka 2009, kwaiyo wakija na chanjo kwenye shehia yako chukua, usiskilize maneno.

Ile tofauti yake na corona iweke akilini. Corona ilikuwa pumzi, hii ni kinywa. Barakoa hapa haina kazi, na kukaa mita moja hakuna kazi. Kazi iko kwenye maji ya kunywa, mikono, na chakula kilicholala. Maji ya kunywa chemsha mpaka yatokote, au tia vidonge vya kutibu maji kama ilivyoandikwa kwenye pakiti na usubiri dakika thelathini kabla ya kunywa, watu wengi wanatia na kunywa hapo hapo kwa kiu na inakuwa kama hawakutia. Yaweke kwenye chombo chenye kifuniko na koki, kata isizame kila saa na mikono ya kila mtu. Maji ya kunawia nayo yatoke mahali safi, sabuni iwepo hata kama ni kipande. Barafu na juisi za njiani wakati wa mlipuko achana nazo kabisa, chakula kiliwe kikiwa cha moto, na matunda umenye mwenyewe. Wenye kisima karibu na choo, jifunzeni kutokunywa maji ya kile kisima msimu huu hata yakiwa matamu namna gani.

Sasa lile ambalo mimi nalitaka lifike kila mlango. Mtu akianza kuharisha maji kama ya kuoshea mchele, usikae kutafuta mti shamba. Anakauka kwa masaa. Mpe ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, mara ile ile, na kama hamna pakiti chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga, mpe kidogo kidogo hata kama anatapika, unasubiri dakika kumi unaanza tena. Huku unampa mtafutieni gari. Anaemsafisha anawe kwa sabuni kila mara, na matapishi na kinyesi vimwagiwe maji ya Jik makali kabla ya kutupwa chooni. Mtoto anaenyonya aendelee kunyonya. Ikiwa ni usiku, mvua inanyesha na barabara imejaa maji, mbebeni na kiti, lakini msisubiri asubuhi.